Nani Ameitikisa Ardhi?

Mkazi wa mtaa ulio jirani na machimbo ya mawe huzijua desturi za baruti. King'ora hulia, watu husimama kando, kisha kishindo husikika. Vioo vya madirisha hutetema, sahani hugongana kabatini, na mtoto mchanga hushtuka usingizini. Mama wa nyumba hatoki nje kuuliza kulikoni. Amekwisha kuzoea, na kabla chai haijapoa jambo lenyewe limesahauliwa.

Lakini mtikisiko ule haukuishia machimboni. Umesafiri ndani ya miamba, ukapita chini ya mashamba, mito na miji, na pengine mtambo ulioko mamia ya kilomita umekwisha kuuandika. Mtaalamu aketiye mbele ya mtambo huo hakukisikia king'ora wala hakuliona vumbi. Alicho nacho ni mstari uliopindapinda tu, naye hana budi kulijibu swali moja: nani ameitikisa ardhi?

Majibu yawezayo kutolewa ni manne. Huenda ni ardhi yenyewe, kwa tetemeko la asili. Huenda ni wachimbaji walioipasua miamba kwa baruti. Huenda ni mgodi ulioporomoka. Au huenda ni serikali fulani iliyojaribu bomu la nyuklia kwa siri. Kosa katika jibu hili la mwisho laweza kuzigombanisha nchi. Kosa katika lile la tatu laweza kuvifanya vifo vya wafanyakazi vihesabiwe kuwa ajali ya Mungu, hali vimesababishwa na binadamu. Kwa sababu hizo mbili, elimu hii inayodhaniwa kuwa ni ya mabingwa peke yao inamhusu pia mwananchi wa kawaida.

ELIMU ILIYOZALIWA NA MASHAKA

Bomu la kwanza la nyuklia lililipuliwa katika jangwa la New Mexico, nchini Marekani, Julai 1945. Tangu wakati huo dunia imeshuhudia majaribio zaidi ya 2,000, na takriban robo tatu yake yamefanywa chini ya ardhi. Hapo mwanzo mengi yalifanywa hewani. Vumbi lenye mionzi likachukuliwa na upepo, likaangukia malisho ya ng'ombe, na hatimaye likaonekana katika maziwa wanayokunywa watoto wa nchi zisizohusika.

Tarehe 19 Septemba 1957 Marekani ililipua huko Nevada bomu la kilotoni 1.7 ndani ya handaki lililozibwa. Kilotoni moja ni nguvu ya tani 1,000 za baruti kali ya TNT. Safari hii wingu halikutoka. Ushahidi pekee uliosafiri mbali ulikuwa mtikisiko.

Mwaka uliofuata, 1958, wataalamu wa Mashariki na wa Magharibi walikutana Geneva wajadiliane. Ikiwa majaribio yote yatapigwa marufuku, nani atamkamata avunjaye ahadi? Yule alipuaye hewani huumbuliwa na vumbi. Je, alipuaye shimoni? Kila mwaka ardhi hutikiswa na maelfu ya matetemeko ya asili ambayo nguvu zake zalingana na za bomu dogo. Marekani ilitaka wakaguzi waruhusiwe kuingia nchi ya mwenzake mara kadhaa kwa mwaka. Muungano wa Kisovyeti uliona huo ni upelelezi, ukakubali mara mbili au tatu tu. Hawakuafikiana. Mkataba uliotiwa sahihi Moscow mwezi Agosti 1963 ukakataza majaribio ya hewani, ya anga za juu na ya chini ya maji, lakini ukayaacha yale ya chini ya ardhi. Kwa miaka mingi iliyofuata, mabomu yakahamia shimoni.

Bara letu la Afrika nalo liliyaonja hayo. Kati ya mwaka 1961 na 1966 Ufaransa ililipua mabomu 13 ndani ya mlima huko In Ekker, kusini mwa Algeria. Tarehe 1 Mei 1962, siku ambayo wafanyakazi wa dunia nzima husherehekea sikukuu yao, jaribio lililoitwa Béryl liliushinda mlima. Wingu la mionzi likachomoka na kuwapata watu waliokuwapo, wakiwamo mawaziri wawili wa Ufaransa waliokwenda kutazama.

Ili kupunguza mashaka, tangu mwaka 1961 Marekani iligharimia mitambo ya aina moja katika vituo vipatavyo 120 duniani, vikiwamo vya Nairobi na Addis Ababa. Hatimaye, mwezi Septemba 1996, mataifa yakaanza kutia sahihi Mkataba wa Kupiga Marufuku Majaribio Yote ya Nyuklia, na shirika la kuusimamia likawekwa Vienna, nchini Austria.

MTAMBO UNASIKIA NINI?

Mtambo wa kupimia mitetemo, ambao wataalamu huuita sismografu, haufanyi muujiza. Ndani yake mna uzito ulioning'inizwa kwa namna ambayo hubaki umetulia ardhi inapotikisika. Tofauti kati ya uzito huo uliotulia na ardhi inayocheza ndiyo inayoandikwa.

Mawimbi yanayotangulia kufika ni yale ya msukumo. Hayo husafiri kama sauti isafirivyo hewani: sehemu moja ya mwamba huisukuma nyingine, nayo ikaisukuma inayofuata. Katika gamba la juu la dunia mwendo wake ni kama kilomita 6 kwa sekunde. Nyuma yake huja mawimbi ya mtikiso, ambayo huutupa mwamba huku na huku kama kamba inayopungwa na watoto. Mwendo wake ni kama kilomita 3.5 kwa sekunde. Mwisho huja mawimbi yatambaayo juu ya uso wa ardhi, mazito na ya polepole.

Kama mtu awezavyo kukadiria umbali wa radi kwa kuhesabu tangu aonapo umeme mpaka asikiapo ngurumo, ndivyo mtaalamu ahesabuvyo muda uliopita kati ya wimbi la msukumo na wimbi la mtikiso. Kwa mitetemo isiyo ya mbali sana, kila sekunde moja ya tofauti huonyesha umbali wa kilomita 8 hivi. Vituo vitatu vikikadiria umbali, kila kimoja huchora duara lake katika ramani. Pale maduara matatu yanapokutana, ndipo mtikisiko ulipotoka.

Pakishajulikana mahali, huulizwa kina. Shimo lenye kina kirefu kuliko yote yaliyopata kutobolewa na binadamu, lile la Kola huko Urusi, lilipita kilomita 12 kidogo tu, na upana wake ni kama wa sahani. Migodi mirefu kabisa, ya dhahabu nchini Afrika Kusini, hufika kilomita 4 hivi. Kwa hiyo mtikisiko uliotoka kina cha kilomita 30 hauwezi kuwa wa bomu wala wa mgodi. Hilo peke yake huondoa mitetemo mingi katika orodha ya washukiwa.

KUSUKUMA, KUTELEZA NA KUVUTA

Kwa ile inayobaki, wataalamu huangalia jinsi ardhi ilivyoanza kucheza.

Tetemeko la asili hutokea pande mbili za ufa wa mwamba zinapoteleza, upande mmoja ukienda huku na mwingine kule. Kwa hiyo vituo vingine husukumwa kwanza na vingine huvutwa kwanza, kutegemea mahali vilipo. Kuteleza huko huzaa mawimbi makubwa ya mtikiso.

Mlipuko haufanyi hivyo. Wenyewe husukuma pande zote kwa mara moja, mithili ya puto linalojazwa pumzi kwa ghafla. Kituo kiwe kaskazini au kusini, mashariki au magharibi, huanza kwa kuandika msukumo. Mawimbi yake ya msukumo huwa na nguvu, yale ya mtikiso huwa hafifu, na yatambaayo juu ya ardhi huwa madogo kuliko yale ya tetemeko lililolingana nao kwa msukumo.

Mgodi unaoporomoka ni kinyume cha mlipuko. Mfano wake ni kitanda cha kamba: kikikatika katikati, wote walioketi pembeni huvutwa kwenda kati. Hapo kila kituo, popote kilipo, huanza kwa kuandika mvuto.

Jambo hilo lilionekana wazi tarehe 3 Septemba 2017. Siku hiyo Korea ya Kaskazini ililipua chini ya mlima bomu lililotikisa ardhi kwa kipimo cha takriban 6, kubwa kuliko yote iliyopata kuyalipua. Baada ya dakika 8 na nusu hivi, mahali pale pale, mitambo ikaandika mtikisiko wa pili wa kipimo cha takriban 4. Je, lilikuwa bomu jingine? Wataalamu waliyachambua mawimbi wakaona kuwa wa kwanza ulisukuma na wa pili ulivuta. Mwamba uliodhoofishwa na bomu ulikuwa umeporomoka.

Bomu, hata hivyo, huacha na alama nyingine ambayo baruti haina. Nchi hiyo ilipofanya jaribio lake la kwanza, tarehe 9 Oktoba 2006, gesi ya zenoni yenye mionzi ilivuja. Baada ya majuma mawili hivi, gesi hiyo ilinaswa na kituo cha Yellowknife, nchini Kanada, ng'ambo ya bahari ya Pasifiki.

PIGO MOJA LA NGOMA NA MAPIGO MENGI

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa baruti ya mgodini nayo ni mlipuko, na inasukuma pande zote, itatofautishwaje na bomu? Jibu limo katika kazi yenyewe ya mchimbaji.

Mlipuaji stadi halipui baruti yake yote kwa mara moja. Hutoboa mashimo mengi kwa safu, akayajaza, kisha akayapanga yalipuke moja baada ya jingine, yakipishana kwa sehemu chache za elfu za sekunde. Kwa njia hiyo mwamba hukatika vizuri na nyumba za majirani husalimika. Bomu la nyuklia hutoa nguvu zake kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Bomu, basi, ni pigo moja la ngoma, na baruti ya mgodini ni mapigo mengi yanayofuatana upesi. Sikio letu husikia kishindo kimoja. Mtambo hupambanua, kwa kuwa mfuatano ule huacha katika mawimbi alama zinazojirudia kwa mpango. Ndiyo maana mgodi waweza kutumia mamia ya tani za baruti, na bado ukaitikisa ardhi kwa uchache kuliko mlipuko mmoja wenye uzito huo huo.

Kuna na alama ya saa. Tetemeko la asili halijui Jumapili wala sikukuu, na kwake mchana na usiku ni mamoja. Baruti hulipuliwa saa za kazi. Wataalamu wakiona mahali panapotikisika mchana wa siku za kazi na kutulia siku ya mapumziko, hutambua kuwa wamekutana na ratiba ya mwajiri.

Lakini ipo hofu kwamba mwenye hila atakificha kishindo cha bomu dogo ndani ya kishindo cha machimbo, ama atalilipua katika pango kubwa ili kulinyamazisha. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1966 Marekani ililipua bomu la tani 380 ndani ya pango lililokuwa katika mwamba wa chumvi huko Mississippi, pango lililotokana na bomu jingine la mwaka 1964. Nguvu ya mtikisiko ilipungua takriban mara 70. Kwa ajili hiyo mkataba wa mwaka 1996 unaziomba nchi zitoe taarifa, kwa hiari yao, za kila mlipuko wa baruti ya tani 300 au zaidi unaofanywa kwa pigo moja.

Na haraka nayo ina hatari yake. Mwezi Agosti 1997 mtetemo mdogo uliandikwa katika Bahari ya Kara, kaskazini mwa Urusi. Kisiwa cha Novaya Zemlya, chenye uwanja wa majaribio wa Urusi, kiko jirani, na baadhi ya maofisa wa Marekani wakaanza kuishuku Urusi kuwa imelipua bomu. Vipimo vya vituo vya nchi kadhaa vilipolinganishwa, ilionekana kwamba mtetemo ulitoka chini ya bahari, zaidi ya kilomita 100 kutoka uwanja ule. Lilikuwa tetemeko la asili. Urusi ilikuwa imetuhumiwa bure.

NGUZO ZILIPOKATIKA

Tufike sasa kwa wachimbaji wenyewe. Tarehe 13 Machi 1989, katika mgodi wa chumvi ya potashi nchini Ujerumani Mashariki, baruti ya kawaida ya kazi ilisababisha nguzo zilizoachwa kuishikilia dari zianze kukatika. Nguzo moja ilipokatika, mzigo wake uliangukia jirani yake, na jirani naye akashindwa. Nguzo zipatazo 3,200 zilivunjika. Kijiji cha Völkershausen, kilichokuwa juu ya mgodi huo, kiliharibika vibaya, na mtikisiko wa kipimo cha zaidi ya 5 uliandikwa na mitambo ya nchi za mbali. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa. Tarehe 3 Februari 1995 mgodi wa magadi huko Wyoming, Marekani, uliporomoka kwa kipimo cha zaidi ya 5, na mchimbaji mmoja akapoteza maisha. Vituo viliandika mvuto, na kwa alama hiyo ikajulikana kwamba halikuwa bomu.

Ushahidi wa namna hiyo ulipata uzito mpya tarehe 6 Agosti 2007. Yapata saa tisa kasorobo usiku, mitambo ya Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, iliandika mtetemo wa kipimo cha 3.9. Chini ya mlima, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Crandall Canyon, wachimbaji sita walikuwa kazini. Njia zikazibika, na wao wakabaki ndani. Mkuu wa kampuni yenye mgodi alisimama mbele ya waandishi wa habari akatamka kwamba tetemeko la asili ndilo lililouangusha mgodi.

Kama maneno hayo yangalikuwa ya kweli, hapangalikuwa na wa kuulizwa. Lakini wataalamu waliichambua mistari yao, wakakuta kwamba vituo vilianza kwa kuvutwa. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Berkeley na wa maabara ya Livermore, maabara ambayo kazi yake mojawapo ni kubuni silaha za nyuklia, walitumia njia ile ile iliyoandaliwa kwa kutambua mabomu. Waliulinganisha mtetemo huo na milipuko ya Nevada na matetemeko ya asili. Haukufanana na yoyote kati ya hiyo. Ulifanana na dari inayokutana na sakafu. Si kwamba tetemeko liliuangusha mgodi. Kuanguka kwa mgodi ndiko kulikokuwa tetemeko lenyewe.

Tarehe 16 Agosti, waokoaji walipokuwa wakichimba kuwafuata wenzao, ukuta wa makaa ulifumuka na kuwaua watatu miongoni mwao. Miili ya wale sita haikutolewa kamwe. Mwaka 2008 wachunguzi wa serikali walieleza kwamba halikuwa tetemeko la asili. Mpango wa uchimbaji ulikuwa na kasoro, na nguzo zilizoachwa hazikuwa na nguvu ya kuubeba mlima. Mwaka 2012 kampuni iliyoendesha mgodi ilikiri makosa mahakamani na kutozwa faini ya dola 500,000. Fedha hizo hazirudishi baba nyumbani. Walakini familia tisa zilipewa jibu la kweli, na kisingizio cha tetemeko kikakosa mahali pa kusimama.

Si kila mara mambo huwa wazi hivyo. Tarehe 9 Machi 2005, huko Stilfontein, Afrika Kusini, mtikisiko wa kipimo cha 5.3 uliwaua wachimbaji wawili wa dhahabu na kuharibu majengo ya mji. Pale mwamba uliteleza katika ufa, sawa na tetemeko la asili, na mvuto wa pande zote haukuwapo. Wachunguzi walisema umetokana na uchimbaji, kwa kuwa miaka mingi ya kuutoa mwamba ilikuwa imeubadili uzito unaoukandamiza ufa. Kwa kesi kama hiyo mawimbi peke yake hayatoshi. Huhitajiwa ramani za mgodi, kumbukumbu za kazi, na wenye mgodi walio tayari kuzitoa.

MASIKIO YALIYO KWETU

Mtandao wa dunia unaoandaliwa chini ya mkataba wa mwaka 1996 umepangiwa vituo 321 na maabara 16. Vituo 170 kati ya hivyo husikiliza mitetemo ya ardhi. Afrika Mashariki imo: Kilimambogo nchini Kenya na Mbarara nchini Uganda kuna mitambo ya mitetemo, na Dar es Salaam kuna kituo cha kunasa chembe za mionzi hewani. Tanzania iliuidhinisha mkataba huo mwaka 2004, Kenya mwaka 2000.

Nchi zaidi ya 170 zimekwisha kuuidhinisha, lakini haujaanza kutumika kisheria, maana lazima nchi 44 zilizotajwa ndani yake ziuidhinishe zote. Marekani na Uchina zilitia sahihi bila kuidhinisha. India, Pakistan na Korea ya Kaskazini hazikutia hata sahihi. Urusi iliyokuwa imeuidhinisha ilijitoa katika uidhinishaji huo mwaka 2023. Kwa hiyo wakaguzi hawawezi bado kutumwa mahali pa mashaka, japo mitambo haingojei sheria, nayo huandika usiku na mchana.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Bomu lililofichwa mlimani lina kilio chake, na mgodi uliochimbwa kwa pupa unacho chake pia. Kazi ya kukisikia si ya kituo kimoja wala ya taifa moja. Mtambo mmoja huweza kudanganyika, na mwenye mtambo mmoja huweza kudanganya. Mitambo mingi ya nchi nyingi, ikiandika kwa uwazi na kulinganishwa na wataalamu wasiofungwa midomo, ni vigumu kuipinga. Basi mwananchi atakaposikia kwamba fedha za umma zimetumika kununua mtambo wa kusikiliza ardhi, asidhani ni anasa ya wasomi. Siku mgodi utakapoanguka na watu wakiwamo ndani, mtambo huo utakuwa shahidi asiyelipwa mshahara na mwenye mgodi.